Nchi Jirani: Injini Ndogo za Livingstone na Soko la Chuma Chakavu

Mwaka 1904 reli iliyokuwa ikijengwa kutoka kusini mwa Afrika kuelekea kaskazini ilifika kwenye ukingo wa Mto Zambezi, karibu na maporomoko ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Mbele ya wajenzi palikuwa na korongo lenye kina cha zaidi ya mita 100, na daraja lilikuwa bado ni michoro ya karatasi na shehena ya vyuma iliyokuwa ikisubiriwa kutoka Uingereza. Wajenzi hawakutaka kungoja. Walitanda waya mnene kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, wakaning'iniza juu yake kigari kilichoendeshwa kwa umeme, wakaanza kuvusha reli, mataruma na mabehewa. Hatimaye waliifungua injini moja ndogo vipande vipande, wakaivusha ng'ambo kwa waya huohuo, kisha wakaiunga upya. Ikaanza kazi ya kusogeza njia upande wa Kalomo, huku daraja lenyewe likiendelea kujengwa nyuma yake.

Injini hiyo iliitwa Jack Tar, jina la utani ambalo Waingereza huwapa mabaharia wao. Ilitengenezwa mwaka 1889 katika mji wa Leeds na kampuni ya Manning, Wardle, ambayo biashara yake ilikuwa hasa injini ndogo za wakandarasi, za migodi na za viwanda. Ilikuwa na magurudumu sita tu. Haikuvuta nyuma yake behewa la maji na makaa kama zifanyavyo injini kubwa. Tangi lake la maji lilipandishwa juu ya boila, likaning'inia huku na huku kama shogi juu ya mgongo wa punda. Na kwa kweli ilikuwa ni punda wa reli.

Tarehe 12 Septemba, 1905, daraja lilifunguliwa na Profesa George Darwin, mwana wa yule Charles Darwin wa elimu ya viumbe. Urefu wake ni mita 198, nalo limesimama juu ya mto kiasi cha mita 128. Wanahistoria wa reli wanaitaja Jack Tar kuwa ndiyo injini ya kwanza kupita juu yake. Wanawataja pia Cecil Rhodes, ambaye alifariki mwaka 1902 bila kuliona daraja alilolitaka. George Pauling, mkandarasi wa reli. Na Georges Imbault, mhandisi Mfaransa aliyesimamia ujenzi. Hawawataji kwa majina watu weusi waliofunga kamba, waliobeba mataruma mabegani, na waliokifyeka kichaka hadi Kalomo. Msomaji atakayezipitia kumbukumbu hizo ataona jambo la kushangaza kidogo: injini ina jina, ina mwaka wa kuzaliwa na ina mahali ilipozaliwa, lakini mtu aliyeichochea moto hana hata kimoja cha hivyo vitatu.

Kwa ajili hiyo tunaona kwamba habari za injini hizi ndogo si mchezo wa wapenda mashine peke yao. Pale ambapo majina ya wafanyakazi hayakuandikwa, mara nyingi mashine waliyoitumikia ndiyo ushahidi pekee uliobaki kwamba kazi ile ilifanyika, na jinsi ilivyofanyika. Mashine hiyo ikikatwa, ushahidi nao hukatwa.

Yafaa tueleze kazi yenyewe. Aliyesafiri kwa garimoshi huijua injini inayomvuta, wala haijui ile iliyomwandalia safari. Mabehewa hayajipangi. Behewa la mbao, la saruji, la mafuta na la abiria huingia katika yadi yamechanganyika, nayo hayana budi kutenganishwa, kusukumwa katika njia mbalimbali, kupimwa, kujazwa, kurudishwa na kufungwa tena kwa mpangilio unaotakiwa. Hiyo ndiyo kazi ya injini ya yadi. Huenda mita 50 mbele, ikasimama. Hurudi mita 30 nyuma, ikasimama tena. Hufanya hivyo mchana kutwa, na katika viwanda vingi usiku pia. Magurudumu yake hukaribiana ili iweze kupinda katika kona kali za kiwandani ambako injini kubwa ingeng'oka relini. Uzito wake wote hukaa juu ya magurudumu yanayozunguka kwa nguvu ya mvuke, na hivyo hushika reli vizuri hata kama mzigo ni mkubwa kuliko umbo lake.

Injini ya namna hii haiwezi kufanya kazi na dereva peke yake. Mchochea moto huamka kabla ya wenzake, kwa kuwa boila baridi huhitaji saa kadhaa kabla halijatoa mvuke wa kutosha. Chini, kandokando ya reli, yuko mgeuza njia. Na kati ya mabehewa yuko mfungaji, ambaye huingia penye nafasi ndogo kati ya vyuma viwili vizito na kuvishika vikiwa bado vinatikisika. Kazi ya mfungaji ilikuwa miongoni mwa kazi za hatari kuliko zote za reli, popote duniani. Watu walipoteza vidole, mikono na maisha. Aliyelala karibu na yadi ya reli usiku anaujua ule mlio wa mabehewa yakigongana mmoja baada ya mwingine hadi mwisho wa msururu. Ndani ya mlio huo alikuwamo mtu mwenye taa mkononi.

Jack Tar yenyewe ilimaliza kazi ya ujenzi ikapelekwa Umtali, mji ambao leo unaitwa Mutare nchini Zimbabwe, ikawa injini ya kusogeza mabehewa katika karakana. Hapo ndipo ilipozeekea. Haikukatwa, kwa sababu ilikwisha kupata sifa ya kuwa ya kwanza, na leo imo katika makumbusho ya reli ya Bulawayo. Twasema ilibahatika. Injini zilizokuwa za pili, za kumi na za hamsini hazikuwa na sifa hiyo, na habari zao ndizo zinazotuhusu zaidi.

Turudi Livingstone, ng'ambo ya kaskazini ya daraja. Reli ilipofika huko ilikuja na njaa ya miti. Kila kilometa moja ya njia huhitaji zaidi ya mataruma elfu moja, na katika nchi zetu taruma la mti laini huliwa na mchwa kabla halijazoea mahali pake. Katika mchanga wa upande wa magharibi wa Livingstone, kuelekea nchi ya Walozi, kulikuwa na misitu ya mti uitwao mukusi. Ni mti mgumu, mzito, mwekundu, unaokua polepole sana, nao mchwa hauwezi kwa urahisi. Kampuni ya Zambezi Saw Mills iliingia katika misitu hiyo, ikapasua mukusi kuwa mataruma ya reli za Rhodesia na mbao za kutandika sakafu. Miti ya karibu ilipokwisha, kampuni iliufuata msitu kwa njia yake yenyewe ya reli. Katika miaka ya 1920 na 1930 njia hiyo ilisogezwa hatua kwa hatua hadi Mulobezi, umbali wa kilometa zipatazo 160. Ilikuwa miongoni mwa reli ndefu zaidi za kampuni binafsi duniani. Ililazwa juu ya mchanga mtupu, bila kokoto za kutosha, kwa kuwa shabaha haikuwa kuwapeleka watu haraka bali kuyaleta magogo.

Injini zilitoka wapi? Zilitoka kwenye safu ya wazee. Mwaka 1926 Reli ya Rhodesia ilianza kutumia injini kubwa za aina ya Garratt, ambazo zina boila moja katikati na seti mbili za magurudumu ya kuendeshea, moja mbele na moja nyuma. Injini moja ya namna hiyo ilivuta mzigo wa injini mbili za kale. Zile za kale zikasukumwa pembeni, nazo zilikuwa na njia mbili tu mbele yake: kuuzwa kwa migodi na viwanda, au kuuzwa kwa uzito wake wa chuma. Zambezi Saw Mills ilinunua. Ilinunua injini za daraja la saba, zilizoundwa kwa michoro ya miaka ya 1890. Baadaye ikanunua hata za daraja la kumi. Zilikuwa injini ambazo njia kuu ilikwisha kuzihesabu kuwa zimekufa. Huko msituni na katika yadi ya Livingstone zikaanza maisha ya pili, na kwa baadhi yake maisha hayo ya pili yakawa marefu kuliko ya kwanza.

Jambo hili lisingewezekana bila karakana. Injini ya mvuke iliyotupwa na mwenyewe haina vipuri dukani. Bomba la boila likitoboka, lazima litengenezwe au likatolewe katika injini nyingine iliyolala. Ndivyo yadi ya namna hii inavyoishi: waliokufa huwalisha walio hai kwa viungo vyao. Injini tatu zilizochoka hutoa moja inayotembea, na mafundi hukumbuka gurudumu hili lilitoka kwa ipi na pampu ile ilitoka kwa ipi, hata kama karatasi hazisemi kitu. Wageni walipewa sifa ya umeneja, lakini ni wazi kwamba mikono iliyoziamsha injini hizo kila alfajiri ilikuwa ya Waafrika, waliojifunza kazi kwa kuona na kwa kuungua.

Kisha siasa ikaingia relini. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wa hila, na Zambia ikajikuta reli yake, umeme wake na makaa yake ya mawe ya Wankie vyote viko katika mikono isiyoaminika. Reli iliyokuwa moja iligawanywa, na Zambia Railways ikaanzishwa mwaka 1967. Ilinunua injini za dizeli kutoka Marekani, aina ya U20C za General Electric. Ilikuwa hatua ya busara wakati ule, kwani nchi isiyotaka kupigiwa magoti na Salisbury haikuweza kuendelea kutegemea makaa ya Wankie. Zambia ilifungua pia machimbo yake ya Maamba. Mpaka ulipofungwa Januari 1973, ulikuwa tayari umefika wakati wa injini za mvuke kuondoka. Sisi wa Tanzania tunaikumbuka miaka hiyo kwa upande wetu: ndiyo miaka ya kujengwa Reli ya Uhuru, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo ilianza moja kwa moja na dizeli kutoka China na mataruma ya zege. Mukusi haukuhitajika tena, wala mvuke.

Zambezi Saw Mills nayo iliguswa. Mwaka 1968, katika mabadiliko yaliyotangazwa na Rais Kenneth Kaunda huko Mulungushi, serikali ilichukua hisa za wingi katika makampuni kadhaa, na kampuni hii ya mbao ilikuwa miongoni mwao. Lakini msitu ulikuwa umekwisha kuliwa. Mti unaohitaji umri wa mtu mzima na zaidi ili ukomae haungoji mahesabu ya mwaka. Njia ya Mulobezi ikakabidhiwa kwa Zambia Railways mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa vijijini wakaendelea kuitegemea kwa safari zao, na injini za mvuke zikasukumwa mahali pa mwisho, zikaachwa kwenye nyasi.

Hapa ndipo linapoingia soko la chuma chakavu, nalo lina sheria zake. Injini ikilala, kitu cha kwanza kutoweka ni shaba nyekundu na shaba nyeupe: mabomba, bamba za majina, vipimo vya mvuke, vikombe vya mafuta. Injini nyingi za kale zilikuwa na tanuri la ndani la shaba tupu, lenye uzito mkubwa, na bei ya tanuri hilo peke yake ilitosha kumvutia mnunuzi. Kuna kejeli chungu kidogo hapo, kwamba katika nchi inayoishi kwa shaba, injini za kale ziliponzwa na shaba iliyokuwa tumboni mwake. Baada ya shaba huja mtu mwenye moto wa gesi. Hukata chumba cha dereva, ambacho ni bati tu. Hukata bomba la moshi. Hupasua boila kwa vipande vinavyoingia katika behewa. Na mwisho hubaki magurudumu, ambayo chuma chake kinene huchukua muda. Injini iliyofanya kazi miaka 60 humalizwa kwa siku chache.

Katika yadi kubwa za chuma chakavu za Ulaya ulikuwapo mtindo mmoja unaostahili kutajwa, kwa kuwa unaieleza tabia ya biashara hii vizuri kuliko maneno mengi. Mwenye yadi alihitaji injini ya kusogeza mabehewa yake. Hakununua mpya, alichagua mojawapo katika zile zilizoletwa kukatwa, yenye boila lililobakiza uhai kidogo, akaiwasha. Injini hiyo ikawa inawasukuma wenzake mmoja mmoja hadi penye moto wa gesi. Boila lake likichoka, ilisukumwa yenyewe, na nyingine ikachaguliwa mahali pake.

Tusidhani kwamba mwenye kuuza chuma chakavu ni mtu mbaya. Chuma kinachoyeyushwa huwa nondo, jembe na sufuria, na nchi maskini haiwezi kulaza maelfu ya tani kwa ajili ya kumbukumbu. Ubaya huja pale bei inapopanda kiasi kwamba watu hawangoji mashine ife. Nchini Kenya, Januari 2022, serikali ilisimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme, ya mawasiliano na ya reli kuhujumiwa. Ikiwa reli inayotumika haisalimiki, injini iliyolala kwenye nyasi ina mtetezi gani?

Zile za Livingstone zilipata watetezi, nao walitoka upande usiotarajiwa. David Shepherd, mchoraji wa Kiingereza aliyekuwa maarufu kwa picha za tembo na ambaye alifariki mwaka 2017, aliuza picha zake ili kuchangia helikopta ya kupambana na majangili wa Zambia. Rais Kaunda, katika kumshukuru, alimpa injini ya kale ya Zambezi Saw Mills, iliyotengenezwa mwaka 1896 na kampuni ya Sharp, Stewart ya Glasgow, pamoja na behewa. Katikati ya miaka ya 1970 vitu hivyo vilisafirishwa hadi Uingereza, na filamu ikatengenezwa juu ya habari hiyo.

Watu wametofautiana kuhusu zawadi hii. Wako wasemao kwamba mali ya historia ya Zambia ilipelekwa ugenini, na wako wajibuo kwamba injini ile ingekatwa kama isingeondoka. Kwa maoni yetu pande zote mbili zina haki kwa sehemu. Mwaka 1974 hakuna aliyekuwa akiomba injini ya mvuke iliyochakaa. Nchi ilikuwa ikipigania njia ya kufika baharini, na kiongozi aliyetoa chuma chakavu akapata helikopta hakufanya biashara mbaya. Lakini kilichoondoka si chuma peke yake. Mzee wa Livingstone aliyeichochea injini ile moto kwa miaka mingi, kama angetaka kumwonyesha mjukuu wake mahali alipokuwa akisimama, angelazimika kuvuka bahari.

Bahati nzuri si zote zilizoondoka. Karakana ya zamani ya Zambezi Saw Mills mjini Livingstone ilihifadhiwa, na mwaka 1987 mahali hapo pakafunguliwa makumbusho ya reli. Injini na mabehewa yalikusanywa penye njia zilezile zilikokuwa zikifanya kazi. Hazikupakwa rangi zote, na nyingine zimekula kutu. Lakini ziko nyumbani. Mtu anaweza kupita kati ya behewa na behewa na kupima kwa mwili wake nafasi aliyokuwa akisimama mfungaji.

Injini nyingine ya kampuni hiyo, nambari 156 ya daraja la kumi, ilipelekwa Bulawayo ikatengenezwa, ikarudi Livingstone na kupewa jina la Binti Mfalme wa Mulobezi. Katika karne hii imevuta garimoshi la watalii wanaokula chakula cha jioni ndani ya mabehewa yenye vitambaa vyeupe, mara kwenye njia ileile ya Mulobezi iliyobeba magogo, mara hadi juu ya daraja ambalo Jack Tar ilikuwa ya kwanza kulipita. Ili watalii waondoke saa za jioni, yuko mtu ambaye hana budi kuwasha tanuri saa nyingi kabla, na kwenye yadi lazima mabehewa yapangwe, yasukumwe na kufungwa.